Siku Niliyomgeuza Babu wa Watu Kuwa Mama

Nawahadithia ili msikie kwangu kabla Shangazi hajawafikia, ingawa masikio bado yananiwaka nikikumbuka. Maktaba moja ndogo ya santuri za kale, hapa katikati ya Sydney, ilinichukua kwa majaribio, na bosi wangu, Bi. Margaret, alisema wazi kwamba nikiwachezea wageni vizuri nyimbo za kale za Kijerumani kwenye onyesho la Jumamosi, kazi ni yangu.

Nikamwambia Shangazi, ninayekaa kwake Merrylands, aniombee tu. Yeye akaja na akina mama wa kanisani, vitenge vya sare, wakajaza viti vya mbele, maana kwetu mtoto hapelekwi mtihanini peke yake.

Dakika ya mwisho bibi mmoja mzee akaleta santuri yake mlangoni, Bi. Margaret akaniambia nianze nayo. Jina la mwimbaji lilikuwa limefutika, na wimbo ulijikokota kama msafara wa mazishi. Nikawaza: akina mama watasinzia, wakisinzia watakoroma, wakikoroma kazi imekwenda. Nikazungusha kitufe cha mashine ya santuri, nikaongeza mwendo kidogo. Halafu kidogo tena. Sauti ikawa nyembamba, tamu, nami nikajikuta nawaeleza watu kwamba mama huyu anamlilia mumewe aliyesafiri (Kijerumani sijui hata salamu).

"Mbona hapumui?" akauliza Shangazi, ambaye huimba kwaya.

Yule bibi akainua mkono. "Samahani, kijana. Huyo ni babu yangu. Alikuwa na ndevu mpaka hapa."

Tungenyamaza ningepona, lakini Shangazi alishasimama, na wenzake nyuma yake. "Tunaomba radhi kama familia," akamwambia Bi. Margaret. "Huyu mtoto hana ubaya, ni kufikiria tu kunamzidi." Kwa hofu nikazungusha kitufe upande wa pili, chote, na babu wa watu akanguruma kama fahali anayeumwa tumbo.

Aliyeangua kicheko kwanza ni mjukuu mwenyewe. Akaja, akauondoa mkono wangu, akarekebisha taratibu mpaka akaisikia sauti aliyoizoea nyumbani tangu utotoni, nzito, yenye pumzi. Akafuta machozi. Wimbo ulipoisha Shangazi akasema, "Amina," na Wazungu wakaitikia.

Kazi nilipata: kupanga santuri kwenye rafu. Mashine anaiendesha Bi. Margaret, nami nimeapa kutogusa kitufe bila kuuliza. Lakini kanisani nikisogelea tu mitambo ya sauti, akina mama husema, "Wewe, toka hapo, utatugeuzia pasta."