Vyuma vya Boti ya Nahodha Zakayo

Harufu ya ukwaju uliolowekwa ikinifikia, hata nikiwa nimekaa sebuleni kwa watu na glasi ya juisi mkononi, vidole vyangu vinaanza kuwasha. Kwangu hiyo ni harufu ya vyuma. Ni harufu ya ufukwe wa Ikola miaka ile ya sabini, wakati watu walikuwa wanaletwa na malori kutoka porini kuja kukaa pamoja vijijini, na mimi nilikuwa mtoto wa miaka kumi au kumi na moja. Sina hakika, kwa sababu baba aliyeijua tarehe alikwisha kufa na mama hakujua kuandika. Nimesoma mpaka darasa la pili. Nasema mapema ili msomi asihangaike kunisahihisha. Nasema mapema vilevile kwamba sijamsamehe mtu. Padri amenieleza mara nyingi, namsikiliza, namwitikia, halafu narudi nyumbani na kinyongo changu kama nilivyokwenda nacho.

Mtu mwenyewe ni Nahodha Zakayo, aliyekuwa na boti pekee yenye injini pale kwetu. Aliinunua kwa mgeni mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Mwili wake ulikuwa wa mbao, lakini vyuma vyake vyote vilikuwa vya alumini: reli za kushikia pembeni, fremu za madirisha ya kibanda cha usukani, vichwa vya kufungia kamba, na kibao cha mbele chenye jina la mke wake kwa herufi zilizoinuka, ANJELINA. Sisi tulikiita chuma cha sufuria. Maji ya ziwa na jua vilikuwa vimekifubaza kikawa na rangi ya jivu lililolowa. Basi ikasikika kwamba mgeni mkubwa wa serikali anatoka Mpanda, na atapandishwa boti hiyo kutembelea vijiji vya kandokando ya ziwa. Zakayo akaja uani kwetu. Mama alikuwa mwanika dagaa, ana sufuria mbili tu, lakini ungeweza kunyolea ndevu mbele ya sufuria hizo, na aliyezisugua ni mimi.

“Mama Vero, huyu binti anasoma?”

“Atasoma na nini, baba? Amerudishwa, sare hana.”

“Anisugulie vyuma vyangu ving’ae kama hizi sufuria. Nitamshonea sare, na Jumatatu mgeni akishaondoka nampeleka shule mwenyewe.” Akaniangalia. “Umesikia, mwanangu?”

Nilisikia. Sijawahi kusikia kitu vizuri kama nilivyosikia hicho.

Nilifanya kazi wiki mbili nyuma ya nyumba yetu, kwenye kivuli cha chanja za kuanikia dagaa, kwa sababu Zakayo hakutaka boti ionekane imefumuliwa ufukweni. Alifungua vyuma kwa spana akaniletea kwenye gunia, na jioni akawa anapita kuchukua vilivyokwisha, bila kuuliza natumia nini. Ukwaju niliuponda kwenye maji kidogo mpaka ukawa mzito kama uji, nikaupaka chuma asubuhi na kuuacha mpaka jua lisimame utosini. Hapo chuma kinaanza kulia. Kinatoa maji meusi ambayo huwezi kuamini yametoka kwenye kitu cheupe. Kisha mchanga wa ziwa, ule laini sana niliouchekecha kwa kanga kuukuu ya mama. Kisha majani ya msasa, yale yanayokwaruza kama ulimi wa ng’ombe. Mwisho kitambaa chenye tone la mawese, unazungusha, unazungusha, mpaka uone meno yako. Kwenye kile kibao nilikaa siku nne, maana kila herufi ina kona zake. Hizo ndizo herufi nilizozijua kwa kidole kuliko kwa kalamu. Vidole vyangu vikawa vyeusi hadi ndani ya kucha, na weusi ule hautoki kwa sabuni. Sikujali. Nilihesabu kwamba Jumatatu nitashika kalamu navyo hivyo hivyo.

Siku ya mgeni kijiji kizima kilikuwa ufukweni. Jua lilipiga ile boti, watu wakakinga macho. Mgeni alipitisha kiganja juu ya reli, akasimama mbele ya kibao, akauliza, “Nani amefanya kazi hii?” Nilikuwa nimesimama mbele kabisa, miguu majini. Nilishapiga hatua moja. Zakayo akasema, “Mimi mwenyewe, mheshimiwa. Kwa mikono yangu.” Mgeni akamshika mkono, akawaambia watu wamwige. Watu wakapiga makofi. Mama Anjelina, mkewe, alipiga kuliko wote, maana na yeye alikuwa ameambiwa hivyo hivyo. Mimi nilirudisha ile hatua yangu.

Jumatatu nilioga alfajiri nikaenda kwake. Alikuwa anakunywa chai. Nikapiga goti, nikamwamkia, nikamwambia, “Nahodha, nimekuja kwa ile habari ya sare.” Akanitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka mbuzi wa nani ameingia uani. Kulikuwa na wanaume wawili wamekaa naye. “Sare ya nini? Hebu onyesha mikono.” Nikaonyesha. “Sasa jamani, na vidole hivi, vyeusi na vinanuka dagaa, huyu atashika kalamu au atampaka mwalimu masizi?” Wakacheka. Nilirudi nyumbani, mama akanitazama akaelewa.

Miezi miwili ikapita, habari ikaja kwamba mgeni yule anarudi na wenzake, anataka waione boti ya Ikola. Vyuma vilikuwa vimeshafubaa. Kuniita Zakayo hakuweza, maana angewaambia nini watu? Kumuuliza mkewe vilevile hakuweza. Akaja kwetu akijifanya anatafuta dagaa, macho yake yakizunguka jikoni. Mimi nilikuwa nimeinjika maharage ya Mwese, yale magumu, kwenye chungu. Ukwaju ulikuwa kwenye kibuyu, umefunikwa. Karibu na mafiga palikuwa na kikapu cha magadi yanayotoka upande wa Rukwa.

“Hii nyeupe ni nini?”

“Magadi, Nahodha.”

“Yana nguvu?”

“Yana nguvu sana.”

Akatikisa kichwa kama mtu aliyeokota kitu njiani, akaondoka bila kununua dagaa. Sikudanganya. Na angeuliza zaidi ningedanganya, msinihesabie wema. Kila mwanamke wa kule anajua magadi hayaingii kwenye sufuria, yanaigeuza nyeusi siku hiyo hiyo, ndiyo maana maharage tunapikia chungu. Yule bwana alikula maharage ya magadi miaka yote ya maisha yake, na hakuwahi kusimama jikoni akauliza kwa nini yanatoka kwenye chungu.

Siku wageni wanaingia aliamka mapema akaanza kazi, safari hii hadharani, ili watu waone mikono yake inavyofanya kazi. Akateleka nusu pipa la maji pale ufukweni, akamimina magadi karibu debe zima, akatumbukiza vyuma vyote na kibao juu yake. Wanaume walimzunguka kwa heshima. Maji yakaanza kutoa povu, akasema, “Mnaona uchafu unavyokimbia?” Wanawake wakafika kuchota maji. Mama Anjelina akanusa, akasogea.

“Baba Deo,” akamwita mumewe, “umetia nini humo?”

“Magadi.”

“Magadi? Kwenye chuma cha sufuria?”

Akatia mkono mdomoni, lakini kicheko kilishapita kati ya vidole. Wa pili akacheka, wa tatu akatua ndoo. Zakayo alivuta reli moja kwa kijiti, ikatoka nyeusi kama chungu cha pombe, imetoboka vishimo kama uso wenye ndui. Alivirudisha hivyo hivyo kwenye boti, angefanyaje, vumbi la magari lilikuwa linaonekana. Mgeni akapanda, akashika reli, mkono wa shati lake jeupe ukapata mstari mweusi mpaka kwenye kiwiko. Akautazama, kisha akatazama kibao. “Nahodha, safari hii mikono yako imepatwa na nini?” Kuanzia siku hiyo jina lake likawa Mzee Magadi, na ndilo analozeeka nalo.

Jioni alikuja na sare. Shati jeupe na sketi ya bluu, vimekunjwa, vina harufu ya cherehani. Akamwambia mama kwamba kesho ananipeleka shule, ila kwanza nimuokolee vyuma vyake. Nilizitaka nguo zile. Nikamnyooshea mikono yote miwili. “Vidole vyangu vinanuka dagaa, Nahodha. Nitavipaka masizi vyuma vyako.” Akaondoka nazo. Mama alilia, akaniambia nimejikata mguu mwenyewe. Alisema kweli. Shule sikurudi, na leo barua za benki nasomewa na mjukuu.

Leo boti saba pale Ikola ni zangu, na mtu wa Mpanda akitaka mgebuka, samaki wa kujaza friza, ananipigia mimi. Za siku hizi ni za fiba, hazihitaji kusuguliwa, vijana wanamwaga ndoo ya maji kazi imekwisha. Watoto wangu wote nimewavalisha sare. Kila nilipofunga kifungo cha shati jeupe nilimkumbuka yule bwana, na haikuwa kwa sala. Mwaka jana mjukuu wake, kijana mwenye adabu, alikuja dukani kwangu na kitu amekifunga kwenye kitenge. Akakifungua: kibao cha ANJELINA, cheusi vilevile.

“Shikamoo, Bibi. Babu haamki tena kitandani. Anaomba akione kinang’aa kabla hajaondoka. Amesema wewe unajua.”

Nilipitisha kidole kwenye herufi ya kwanza. Kona zake bado nazijua.

“Marahaba. Mwambie babu yako akisugue mwenyewe. Kwa mikono yake.”

Akakifunga tena kibao kwenye kitenge, macho yake kwenye kaunta. Ndoo ya ukwaju ninaouza ilikuwa pale pale mbele ya tumbo lake, imejaa, haina mfuniko. Hakuuliza.