Maganda Chini ya Chai

Yai la kwanza la mitetea wangu lilipasukia mkononi mwa baba mdogo, na hapo ndipo upumbavu wote ulipoanzia. Alikuwa amefika kutoka Sigor na suti yake ya kanisani, akakataa kiti, akaingia moja kwa moja kwenye banda la kuku kana kwamba ni yeye aliyelijenga. Akatoka ameshika kitu kama mfuko mdogo wa maji, cheupe, chenye ngozi badala ya ganda. Akakifinya kidogo tu. Ute ukamtiririka mpaka kwenye saa.

"Mnaona?" aliwaambia wadogo zangu watatu, si mimi. "Nyumba isiyo na mzee, hata kuku wake hawajui kutaga."

Wazazi wetu walikuwa wamekufa mmoja baada ya mwingine, na mimi, kifungua mimba, niliacha shule kidato cha pili ili nichume chai na kuwalea hao watatu. Baba mdogo hakuwahi kutuletea hata gorogoro moja ya mahindi. Sasa yai lilikuwa limempa sauti. Alisema atarudi baada ya wiki tatu pamoja na shangazi, na kama kuku watakuwa bado wanataga upuzi, huo utakuwa ushahidi kwamba boma limenishinda. Atamchukua kitinda mimba wetu, msichana wa miaka tisa, akakae kwake apate malezi. Mke wake alikuwa amejifungua majuzi. Malezi yenyewe yalikuwa kubeba mtoto mgongoni kutwa nzima.

Wiki ile mayai yalizidi kuharibika. Mengine yalikuwa na ganda jembamba kama karatasi, mengine hayakuwa na ganda kabisa. Asubuhi nilikuta utando mtupu kwenye nyasi za kiota, kama soksi ya mtoto iliyolowa. Majirani wakaja na elimu yao. Mmoja alisema kuna mtu amewatazama kuku kwa jicho baya. Akina mama wa kanisani waliliombea banda wakiwa wamefumba macho, na jogoo akamdonoa mmoja wao kidole cha mguu. Katika mkutano ule ni jogoo peke yake aliyefanya kazi ya maana. Baba mdogo mwenyewe alipiga simu kuniagiza niwape chumvi, tena nyingi. Chumvi nyingi huua kuku. Nilimshukuru, nikakata simu.

Lakini mimi pia sikuwa na akili kuwashinda. Huku kwetu maganda ya mayai hayaachwi uani. Mama alitufundisha kama alivyofundishwa: ukivunja yai, ganda lake lipeleke shambani ulifukie chini ya chai, kuku asije akalionja akajifunza kula mayai yake mwenyewe. Nililifanya hilo kila siku, kwa bidii, bila kuuliza. Na siku za kuchuma niliwafungia kuku bandani wasichakure mashina, nikiwalisha chakula cha vifaranga kwa sababu gunia lilikuwa halijaisha.

Jirani yetu, mama kutoka upande wa ziwa anayefanya kazi kwenye kiwanda cha chai, alinikuta nimeinama shambani.

"Unazika nani hapo?"

"Maganda ya mayai, mama."

Alicheka mpaka akaweka ndoo chini. "Nyathina," akaniita kwa Kijaluo chake, "mwanangu, nyinyi watu wa chai mtaniua. Kuku anatafuta chokaa ya kutengeneza ganda, wewe unaipelekea chai. Na chai yenyewe haipendi chokaa!"

"Akionja ganda atakula mayai."

"Akiona ni yai, atakula. Choma, saga, lifanane na mchanga. Kuku atajulia wapi?" Akachungulia bandani. "Na hiki ni chakula cha watoto. Hawa ni watoto? Si wanataga?"

Aliniambia kwamba mtetea anayeanza kutaga anaweza kuangusha machache laini, hilo si la kulilia. Yakizidi, mwenye kuku ndiye mgonjwa. Akanipa mkebe wa maganda ya kome wa ziwani yaliyosagwa, anayowawekea kuku wake.

Nikanunua chakula cha kuku wa kutaga. Maganda nikayachoma jikoni, nikayasaga kwa jiwe, nikayachanganya na yale ya kome kwenye bati lao peke yake. Mchana niliwafungulia, waende wakachakure wanapotaka. Wiki ya pili ganda likaanza kushika. Ya tatu, ni mmoja tu aliyeangusha yai laini, nalo nikampa mbwa.

Baba mdogo alirudi na shangazi siku aliyosema. Niliwakaangia mayai, nikaweka chai ya maziwa. Yeye alikula manne. Akapangusa midomo.

"Kuku wamepona. Vizuri. Sasa mtoto afunge nguo zake."

"Si ulisema ni mayai?"

"Mayai ni mayai. Mimi ndiye mzee wa boma hili."

Wiki tatu nilikuwa nimesaga maganda ili nimridhishe mtu ambaye tayari alikuwa ametandika gunia la mtoto kulalia jikoni kwake. Nilijidharau kwa hilo kuliko nilivyomdharau yeye, na yeye nilimdharau sana.

"Haendi," nikasema.

Alimgeukia shangazi amsaidie. Shangazi alikuwa bado anatafuna. "Mke wako ana wadogo zake wawili pale kwao wanaosukana nywele kutwa," alimwambia. "Waite hao wakubebee mtoto."

"Huyu msichana hana adabu! Ndiyo hasara ya kuacha shule."

"Niliacha ili huyu asiache," nikamjibu. "Kesho ana mtihani."

Akasimama, akavaa kofia. Alipofika mlangoni akageuka, akauliza kwa sauti ndogo kama ninaweza kumfungia mayai kidogo apelekee mke wake. Nilimfungia sita kwenye gazeti, kwa sababu mama aliyejifungua hana kosa. Kitinda mimba wetu alikuwa ameshachukua ndoo na kwenda mtoni, bila kumuaga mtu.