Mbwa Aliyepakwa Oili

Nilikwenda Mafinga kununua mbao za banda la kuku, nikarudi Iringa na mbwa. Mbao nilizisahau. Mume wangu alichungulia nyuma ya pikapu akauliza kama hicho kitu cheusi chini ya turubai ni mnyama au ni gunia la mkaa. Sikumlaumu. Hata mimi, nilipomwona mara ya kwanza nyuma ya kiwanda cha mbao, nilidhani ni rundo la matambara ya mafundi.

Alikuwa mbwa wa mbegu ya Kijerumani, wale wakubwa wenye masikio yaliyosimama, ambao watu wetu huwanunua kwa mashauzi kisha wakawafungia kama wahalifu. Mwenye kiwanda alikuwa amemfuata hadi Mbeya akiwa bado mdogo. Akamjengea boksi la mabanzi, akawa anamfungia humo kutwa nzima, maana tumeaminishana kwamba mbwa asiyeona watu huwa mkali. Anayeishi gizani juu ya kinyesi chake hapati ukali, anapata upele. Na upele, kwa watu wa mbao, una dawa moja tu: oili chafu.

Oili chafu ni ile inayomwagwa kutoka kwenye injini ya lori ikishakuwa nyeusi. Wenye mbao hawaitupi. Wanapaka nguzo ili mchwa wasile, na kweli mchwa hawali. Kwa hiyo hesabu yao ilikuwa rahisi: kinachofukuza mchwa kitafukuza na wadudu wa mbwa. Walichukua brashi ileile ya nguzo wakampaka kuanzia shingoni hadi mkiani. Akajilamba, akatapika. Wakasema ugonjwa unatoka. Wakampaka mkono wa pili.

"Kamwene, mama," mlinzi wa kiwanda alinisalimu. "Usisogee hapo, mbwa mkali huyo."

Mkali! Hakuweza hata kuinua kichwa. Nikauliza mara ya mwisho amekula lini.

"Hali. Dawa bado inafanya kazi."

Nilimpigia simu mwenye kiwanda palepale. Ni mtu mzima anayeheshimika, mzee wa kanisa. Nilimwambia mbwa wake anakufa. Akaguna kama mtu aliyeamshwa usingizini.

"Hiyo imeshakwisha, mama. Kama unaitaka chukua, ukaizike huko kwako."

Nikachukua.

Daktari wa mifugo alimminya tumbo, akamfunua fizi, akaniambia ini limeguswa, tujaribu lakini nisijipe matumaini. Akamtundikia dripu kwenye msumari wa picha ya harusi yetu. Kumwosha ilikuwa kazi yangu. Oili haitoki kwa maji. Nilimpaka kwanza mafuta ya alizeti, nikamsugua taratibu kwa vidole, ndipo nikaleta maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo. Nilifanya hivyo mchana jua likiwa limesimama, kwa sababu upepo wa kwetu ungemmaliza. Oili ilitoka na manyoya, na sehemu nyingine ngozi ilitoka pia. Yeye hakulalamika. Aliniangalia tu. Nililia siku ile, na wala haikuwa huruma, ilikuwa hasira, nikatamani yule mzee awe mbele yangu na brashi iwe mkononi mwangu.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba dawa ya upele ipo. Ni sindano, inauzwa kwenye duka lolote la dawa za mifugo, na yule mzee ana ng'ombe. Ng'ombe wake wakijikuna anajua duka lilipo.

Majirani nao hawakunisaidia. Mimi ni Mhehe, na Tanzania nzima inajua utani kwamba sisi tunakula mbwa. Kila aliyepita alisimama kwenye ua. "Unamnenepesha? Tutaitana lini?" Utani ni utani, nimekulia humo na nimewatania wengi. Lakini unapomlisha mnyama uji kwa kijiko, na uji unarudi wote puani, utani huo huo unakuwa mrefu mno. Nilimwambia jirani mmoja aende akacheke nyumbani kwake. Akanuna mpaka mavuno.

Mbwa akapona. Polepole, kwa kurudi nyuma na kwenda mbele, lakini akapona. Manyoya yaliota kwa viraka, kisha yakaungana. Kilichochelewa ni kuuzoea uwanja. Hakujua nafasi ni nini. Nilikuwa nakaa nje kwenye kigoda na ini la kuchemsha mkononi, naye amesimama kizingitini anatetemeka, mate yanamdondoka, mguu mmoja nje. Siku aliyotoka akakimbia kuzunguka nyumba nilipiga vigelegele peke yangu.

Habari zikafika Mafinga. Jumapili moja yule mzee akaja, ametoka ibadani, suti imenyooka.

"Nimesikia mbwa yangu imepona," alisema. "Ile oili ni kiboko, mama. Nimewaambia watu wengi."

Oili! Nilimweleza yote, kuhusu ini, dripu, ngozi iliyobaki mikononi mwangu, tena kwa sauti iliyofungua madirisha ya mtaa. Alinisikiliza kwa upole wa mtu anayengoja mtoto amalize kulia.

"Tusigombane, mama. Mbwa ni wa aliyemnunua. Nimekuja kuichukua."

Na mimi nilijua kwamba tukifika kwa mwenyekiti wa mtaa, ndivyo atakavyosema na mwenyekiti, maana ile "chukua" ya kwenye simu haikuwa na shahidi.

Akapiga mluzi. Mbwa, ambaye alikuwa amelala kivulini, aliinuka. Nilimwita, hakugeuka. Alikwenda kwa yule mzee akitambaa kwa tumbo, masikio yamelala, akijikojolea njia nzima, akafika akaweka kichwa juu ya kiatu chake.

Mzee alirudisha mguu nyuma. Alitazama kiatu, akamtazama mbwa, uso ukajaa kinyaa.

"Umeniharibia mbwa," alisema. "Hii hata mwizi itamkaribisha. Baki nayo."

Akapanda gari akaondoka. Nilifunga geti kwa kishindo, nikacheka kwa sauti, nikamwita mbwa wangu. Sasa kweli alikuwa wangu. Nikaenda jikoni nikamletea ini.

Hakuligusa. Alikuwa amesimama getini, pua imepenya kati ya nondo, anaitazama barabara ambayo gari lilipotelea. Kisha akaanza kulia. Mbwa ambaye hakutoa sauti nilipokuwa namchuna ngozi, alilia mpaka jua likazama, akimwita yule mtu arudi kumchukua.