Picha ya Shingo ya Dada

Dada yangu hajawahi kujishonea nguo isiyo na kola. Tuna chumba kimoja cha ushonaji, cherehani zetu zinatazamana, meza ya kukatia katikati. Miaka yote nimemwona akiwashonea wanawake wenzake shingo za kila aina, za duara, za pembe, za kuacha mabega nje, na yeye mwenyewe amefunga vifungo hadi chini ya kidevu, hata siku za joto la kukaanga. Wateja wakambandika jina la Mama Kola, wakidhani ni mitindo. Mitindo gani! Chini ya kola palikuwa na rovu, ule uvimbe wa tezi ya shingo. Ulianza kama ndimu, ukafika ngumi ya mtu mzima. Waliowahi kuuona wazi hawakuzidi wanne: marehemu mumewe, mimi, binti yake, na daktari mmoja aliyesema lazima utolewe kabla haujambana njia ya hewa. Dada alimshukuru sana yule daktari, akaondoka, hakurudi.

Binti yake ndiye aliyeapa kumrudisha. Yuko mwaka wa pili wa uuguzi, na nyumbani tunamwita Daktari, utani tu, ingawa mwenyewe huitikia hilo haraka kuliko jina lake. Alimbembeleza mama yake mwaka mzima, mara kwa machozi, mara kwa kununa, mpaka dada akakubali kupasuliwa. Tarehe ikapangwa, miezi mitatu mbele. Nilipumua.

Katika miezi hiyohiyo mwalimu wao akawapa kazi ambayo niliielewa baada ya kuelezwa mara tatu. Kuna kamusi elezo kwenye mtandao, yenye habari za kila jambo, inayoandikwa na yeyote na kusomwa na yeyote, bure. Kila mwanafunzi achague ukurasa mmoja wa afya autengeneze kwa Kiswahili.

"Kama kila mtu anaandika," nikamuuliza, "wajinga anawazuia nani?"

"Wanazuiana wenyewe, mama mdogo."

Alichagua rovu. Ukurasa ulikuwa na mistari miwili, na mmoja ulisema ugonjwa huo huletwa na kubeba mizigo kichwani. Akaufuta, akaandika aya tano, akaja kututangazia kama aliyeshinda uchaguzi. Haikupita saa, mtu asiyemjua, hata aliko hatujui, akaziondoa zote na kumwachia ujumbe kwamba hakutaja vyanzo. Mtoto alilia juu ya meza ya kukatia hadi nikalazimika kusogeza kitambaa cha mteja. Kesho yake akarudi na vitabu vitatu vya maktaba, akaandika upya, kila sentensi na chanzo chake. Safari hii hakuna aliyegusa. Nilimheshimu siku ile, nisiseme uongo.

Ikabaki picha. Iliyokuwepo ilikuwa mchoro wa zamani, shingo kama chupa. Binti akasema mgonjwa hawezi kujitambua katika mchoro, na kwamba kanuni za huko zinataka picha uliyoipiga mwenyewe. Akamwomba mama yake. Dada akasema hapana. Siku ya pili akaomba tena. Dada akasema hapana, akaikanyaga cherehani mpaka uzi ukakatika.

Hapo ndipo mimi, na ulimi wangu usio na mfupa, nikajitia kati. "Dada, mpe mtoto. Ni ya masomo, na uso hautaonekana. Mficha uchi hazai."

Alifungua vifungo vitatu karibu na dirisha, mlango tumeutia komeo. Mimi ndiye niliyemshikia kola. Binti akapiga kwa simu, akaukata uso kuanzia juu ya mdomo, kisha, akiipandisha kwenye kamusi, akaweka alama kwenye masharti huku akiyasoma mbiombio: mtu yeyote, kwa matumizi yoyote, na ruhusa ikishatolewa hairudishwi.

"Maana yake nini?" dada akauliza.

"Maana yake ni ya masomo, mama."

Alipata alama za juu kuliko darasa zima. Kila jioni alikuja kutusomea idadi ya waliofungua ukurasa, na ilipopita elfu nne akaanza kutembea kifua mbele. Mtu mmoja alimwandikia kushukuru: ameiona picha, akaitambua hali ya mkewe, akampeleka hospitali. Dada aliposomewa hilo alitabasamu, nikajiona nimefanya jambo la maana.

Siku ya hospitali tulikwenda watatu. Dada alikuwa amejishonea gauni la rangi ya maziwa, kola imepigwa pasi ikasimama. Tulipoingia kwenye ukumbi wa mapokezi, viti vimejaa, nikaona ukutani bango jipya, refu kama mlango. Fahamu Ugonjwa wa Rovu. Chini ya maneno hayo, shingo ya dada yangu. Mdomo wake, na lile kovu la pasi kidevuni alilolipata tukiwa watoto. Sisi na akili zetu tulidhani mtu hutambulika kwa macho tu.

Binti alikimbia akasimama mbele ya bango, akajaribu kuliziba kwa mgongo. Bango lilimzidi urefu. Muuguzi wa mapokezi, mtu mchangamfu asiye na ubaya, alimtazama dada, akatazama ukutani, akapiga makofi.

"Mama! Si wewe huyu? Jamani, mama wa picha kaja mwenyewe!"

Watu wote wakageuka.

"Hapana," dada alisema. "Umenifananisha."

Akatoka kwa mwendo wake wa kawaida. Tulimkuta getini, mkono mmoja umeishika kola. Hakutufokea, na mimi nilitamani atufokee, hata anipige. Njia nzima hakuiachia kola.

Binti aliwaandikia wasimamizi wa kamusi, ukurasa mzima wa kuomba radhi. Walimjibu kwa adabu, na picha ikaondolewa wiki ileile. Lakini waliokwisha kuichukua waliichukua kwa ruhusa, wakamweleza, na ruhusa aliitoa yeye. Mabango yalikuwa yamefika kwenye zahanati nyingi kuliko tunazozijua. Hospitali walibandua lao moja. Maji yakimwagika hayazoleki, na haya nilisaidia kuyamwaga. Maneno ya binti bado yako kwenye ule ukurasa, sahihi, yenye vyanzo, na yeye hajaongeza hata nukta tangu siku ile.

Wiki iliyofuata mteja mmoja wa siku nyingi alikuja kuchukua sketi, ile picha iko wazi kwenye simu yake, akainama juu ya cherehani akinong'ona, "Mama Kola, kumbe! Hebu tuone." Alipoondoka, dada aliigeuza cherehani yake. Sasa anashona akitazama ukuta, na mimi natazama mgongo wake kutwa.

Daktari wa hospitali alipanga tarehe nyingine, ikapita. Akapanga ya tatu, ikapita. Dada anaongea kwa vituo, maneno manne, kisha pumzi. Anasinzia amekaa, kwa sababu akilala chali anakabwa. Ninayajua haya kwa sababu naishi naye. Kwangu pia hafungui kola.

Jana binti alikuja moja kwa moja kutoka chuoni, bado ana sare. Alipiga magoti sakafuni, kwenye vipande vya vitambaa na nyuzi.

"Mama, sikuombi hospitali leo. Niruhusu niutazame tu. Nijue umekua kiasi gani. Nakuomba."

Dada hakusimamisha cherehani. Alimaliza mshono mpaka mwisho wa kitambaa, akakata uzi kwa meno.

"Waulize wenye simu," alisema, akavuta pumzi. "Wote wanayo. Mimi sina tena cha kukuonyesha."