Pole Iliyogeuka Kosa

Mimi ni polisi hapa Brussels, mwanamke, tena msimamizi wa kikosi kidogo. Usimamizi huo una raha moja tu: unatembea mbele. Mshahara wangu haujaachana sana na wa wale ninaowaongoza, ila jambo likiharibika wao wanaitwa mashahidi, mimi naitwa mshtakiwa. Ndiyo maana nimekuwa kwenye chama chetu cha wafanyakazi miaka yote, nikipigia kelele mambo mawili: msimamizi alipwe kwa uzito anaoubeba, na akishtakiwa kwa sababu ya kazi apewe wakili na mwajiri bila kuombaomba. Wenzangu wengi walikuwa wakinicheka. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Halafu zamu yangu ikafika. Siku moja pale stesheni ya treni ya Gare du Nord tulimsimamisha kijana, akataka kukimbia, nikasema, "Mshikeni!" Askari wangu akamshika vibaya, mkono ukavunjika. Aliyeuvunja akaeleza kwamba alitii amri, na amri ilikuwa yangu. Familia ya kijana ikashtaki. Nikihukumiwa, kazi imekwenda, na wakili wa huku halipwi kwa asante. Mwajiri humtoa, lakini anaweza kukataa akiona kosa lako ni zito. Nikaomba. Nikasubiri nikiwa silali wala sili, nagombana hata na lifti.

Hapo ndipo mama yangu alipoingia. Alihama Bukavu akiwa mtu mzima, na maisha yake yote hajawahi kusikia mtu ameumia, yeye akabaki nyumbani. Kijana yule alikuwa wa kwetu; mama yake anakaa Ixelles, na kanisani kwetu hakuna linalofichika. Mama akapika sombe, yale majani ya muhogo, na fufu, akavaa kitenge chake cha heshima, akawachukua wamama wawili wa kanisa, wakapanda basi. Hakuniambia. Kwake hilo halikuwa jambo la kuombea ruhusa.

Walipokewa vizuri. Walilia pamoja, wakasali, wakala. Mama akapiga magoti, akasema, "Mutusamehe." Kwetu unasema hivyo hata kama mtu amejikwaa mwenyewe mlangoni pako.

Wakili wa kijana aliposikia, akayafikisha kwa hakimu: familia ya msimamizi imekiri kosa, tena imekwenda kumlainisha mlalamikaji kwa chakula. Sahani ya sombe, jamani! Mwajiri wangu akasimamisha ombi langu.

Nilikwenda kwa mama nikiwa nawaka.

"Maman, juu ya nini hukuniuliza?"

"Nikuulize nini? Mutoto ya muntu amevunjika mukono. Niliendaka tu kusema pole."

"Huku pole ni kukubali kosa."

Akanivutia kiti. "Alors, wao wakiumizana, wanafanyaka nini?"

Nilitaka kumwambia kwamba wanaandikiana kupitia mawakili, lakini niliona aibu kulitamka. Nikakaa kitini na hasira zangu.

Mjumbe wa chama, Mbelgiji mmoja aliyepigania ombi langu kuliko ndugu, ndiye aliyetafuta njia. Tulikutana mkahawani Flagey, akanisogezea tamko la kumpelekea mwajiri, alilokwisha kuliandika. Lilisema sikumtuma mama, sikujua kwamba angekwenda, na ninakilaani kitendo chake. Nilimsihi aliondoe hilo la tatu. Akatikisa kichwa.

"Bila hilo hawatakubali," aliniambia kwa Kifaransa. "Lazima waone umejitenga naye."

Nilimsomea mama tamko lile jikoni kwake, kwa Kiswahili, maana sikutaka alisikie kwa mtu mwingine. Nilipofika kwenye kulaani nilitafuta neno laini zaidi nisilipate.

"Weka saini," akasema. "Mutoto yangu hatapoteza kazi juu ya sombe." Akacheka kidogo, kisha akageuka kuosha sahani iliyokuwa safi.

Nikasaini. Wakili nikapewa. Kesi bado inaendelea, na kwenye mikutano ya chama mimi ndiye mfano: tazameni, kumbe inawezekana, msimamizi akilindwa analindika. Wananipigia makofi. Nimekipata nilichokidai miaka yote, na kila wakipiga makofi natamani ardhi inimeze.

Juzi asubuhi mama alinipigia simu.

"Muzee moja wa kanisa amekufa, ameacha muke yake. Wamama wote wameshaenda kwenye kilio. Mimi nimeshavaa, niko tu hapa pa mulango. Mama ya ule kijana naye yuko kule. Donc, niende, ama nitakuletea tena matatizo?"

Mama yangu, ambaye hakuna kilio cha watu wetu mjini humu ambacho hakukiwahi, alikuwa ananiomba ruhusa ya kumpa mjane pole. Nilijua la kumwambia. Hata mtoto mdogo wa kwetu angelijua. Nikausikia mdomo wangu ukisema, "Subiri kidogo, maman. Nimuulize kwanza wakili."

"Bon," akasema.

Hakukata simu. Nilimsikia akivua viatu.