Laptop Inayokula CD

Mimi ni mtu wa kuamua haraka na kujuta taratibu, lakini laptop ile niliitafuta katika maduka ya Mpanda mpaka wauzaji wakanizoea. Wakiniona tu naingia wanaanza kucheka.

Kazi yangu ni kufundisha vikundi vya wafuga nyuki. Leo niko Sitalike, kesho Kasokola, keshokutwa nimelala gesti ambayo umeme wake unakuja unapojisikia. Nilihitaji laptop ya bei nafuu, nyepesi, inayokaa na chaji, ya kuandikia ripoti na kuwaonyesha wafugaji video za mizinga. Jioni niangalie tamthilia huku nikisubiri wali wa gesti uive. Mahitaji ya mtu wa kawaida kabisa. Ila nilikuwa na sharti moja ambalo hata mume wangu sikumwambia sababu yake: iwe na sehemu ya kuingizia CD.

Sababu ilikuwa mama. Alipofariki ndipo nilipogundua kwamba sauti yake sina popote. Simu yake ilikuwa ya vitufe. Tuliongea kila Jumapili, na kila tulichoongea kiliishia hewani. Kilichobaki ni CD ya video ya sendofu yangu, sherehe ya kuniaga kabla ya harusi. Aliitunza kwenye sanduku lake la bati, chini ya kanga, katika nyumba ambayo umeme haujafika mpaka leo. Mimi mwenyewe sikuwahi kuiona. Ilipokuwa tayari nilishaolewa, nilishahamia Kawajense, na aliyetaka kumbukumbu alikuwa yeye. Mpiga video alishahama mji na namba yake haipatikani.

Baba aliponikabidhi ile CD nilijua kwamba ndani yake mama anasimama mbele ya watu na kuniaga, kwa Kiswahili chake kilichojaa Kisukuma. Niliitamani sauti hiyo. Hata angekohoa tu, ningeshukuru.

"Chukua hii, dada," aliniambia muuzaji wa duka la mwisho, mzee mmoja mchangamfu. "Nyembamba, chaji inakaa kutwa, hata ukiwa kwenye bodaboda huisikii mgongoni."

"Inakula CD?"

Aliniangalia kana kwamba nimeulizia laptop inayotumia mkaa. "CD? Siku hizi mambo yote flashi, dada yangu. Kuna kile kidude cha kuchomeka pembeni, lakini mpaka niagize Dar, na sikudanganyi, sijui kitafika lini."

Nikaacha ile nyembamba, nikachukua ya mtumba. Nyeusi, nene, nzito kama tofali, na betri yake inakata roho kabla ripoti haijafika ukurasa wa pili. Mzee alitafuta CD ya kuijaribia mpaka akapata moja ya kwaya chini ya kaunta. Tulisimama tukasikiliza wimbo mzima, maana nilitaka uhakika. Sauti ilitoka safi.

"Hii ni laptop au mashine ya kusaga?" mume wangu aliuliza nilipoiweka mezani. "Na safari zako zile, mama watoto, utaibeba wewe au itakubeba yenyewe?" Nilicheka, nikamwacha aendelee.

Jumapili nikasingizia kichwa kinauma. Mume na watoto wakaenda kanisani, nami nikabaki na CD yangu.

Watu wetu wa video wana mtindo wao, na sijui walirithishwa na nani: hawawezi kuacha kimya kipite. Kwanza yalipita maua na mioyo ikiruka kwenye kioo. Wakaja shangazi zangu wakicheza na mabeseni vichwani. Halafu mama akashika maiki, akafungua mdomo, na ukatoka wimbo wa mapenzi.

Nikadhani utapungua. Haukupungua. Midomo ya mama ilikwenda, mkono wake ukapanda na kushuka, na juu yake kijana mmoja wa kwenye wimbo akawa anambembeleza mpenzi wake asimwache. Mpiga video aliona hotuba inachosha, akaichangamsha, kama anavyozichangamsha za harusi zote. Wimbo ulipoisha akaweka mwingine, na mama akakaa chini. Nililia kwa hasira. Nilimtukana yule mpiga video, mtoto wa watu, matusi ambayo sikujua kama ninayajua.

Nilipotulia nikazima sauti kabisa, nikarudisha nyuma, nikaanza kumwangalia tu.

Siku ile nilikuwa nimeinamisha kichwa mpaka naona vidole vyangu vya miguu basi. Kwetu binti anayeagwa akiinua uso wanasema ana haraka ya mume, na mimi sikutaka kusemwa. Nilikuwa nakazana nisilie, hata maneno ya mama sikuyashika. Kwa hiyo uso wake wakati anasema nilikuwa nauona kwa mara ya kwanza.

Hakuwa anawaangalia wageni. Alikuwa ananiangalia mimi. Katikati ya hotuba ananyamaza, anashusha maiki, anainama kidogo upande, kama mtu anayetafuta uso wa mtoto ndani ya kanga. Anasubiri. Wageni wanapiga makofi, wanadhani amemaliza. Yeye bado anasubiri. Msichana aliyekaa kwenye kiti kilichopambwa hajui lolote, ametulia na adabu zake zote, kidevu kifuani. Mama anatabasamu kidogo, anapandisha maiki, anaendelea.

Nikarudisha tena. Na tena. Kila mara mama anainama na kusubiri, na mimi nimeshajua itakavyokwisha.

"Inua kichwa," nikajikuta namwambia yule msichana, peke yangu sebuleni. "Mama anakutafuta. Inua kichwa basi umwone."