Unga wa Kusafishia Mashine

Apolot amesaga unga katika kisiagi chake Malaba miaka kumi na tisa, na hakuna mteja aliyewahi kurudisha gunia akilalamika. Siri yake ni usafi. Mtu akisaga mchanganyiko wa uji wenye karanga, Apolot hakubali wimbi la uji la mteja anayefuata liingie juu ya mabaki. Kwanza hupitisha bakuli la muhogo mkavu wake mwenyewe, lisukume nje kila kilichobaki ndani ya mashine. Unga huo wa kusafishia ni haki ya mwenye kisiagi. Huubeba nyumbani ukapikwa uji.

Mjukuu wake Terry, wa miaka mitatu, alikula karanga za kukaanga akavimba midomo, pumzi zikaanza kupiga filimbi. Alikimbizwa hospitali, akadungwa sindano ya paja iliyomrudisha. Baadaye daktari alimdondoshea matone ya vyakula mkononi na kuchoma ngozi kidogo; penye tone la karanga pakafura. Akasema karanga zisionekane nyumbani, hata chembe, na mtoto akivimba tena wasihangaike na maziwa wala mitishamba, waje mbio.

Karanga zikaondoka. Lakini Terry akavimba tena, mara mbili. Apolot, ambaye ulimi wake haujui likizo, akaamua kwamba Yvonne, mke wa mwanawe, anamlisha mtoto kwa siri. Kila aliyeleta mahindi aliambiwa kikulacho ki nguoni mwako. Yvonne alilia hadi akachoka, kisha akafunga nguo zake: anarudi kwao Sigalame na mtoto. Hapo Apolot akaingiwa na hofu, maana bila Terry nyumba ile kwake ni kuta tu.

Kabla ya safari walikuwa na siku ya kliniki. Muuguzi, Naliaka, aliwataka wataje kila kilichopita kinywani mwa mtoto siku zile mbaya. Yvonne akataja ugali, ndizi, uji. Naliaka akauliza unga wa uji unatoka wapi. Apolot akadakia kwa majivuno, akaeleza anavyosafisha mashine yake, muhogo baada ya karanga, na katikati ya maelezo akajisikia anachosema. Aliona aibu ambayo hajawahi kuiona maishani. Hakungoja wafike nyumbani.

"Yvonne, ni mimi nilikuwa namlisha karanga," alisema. "Na jina lako nimelichafua soko zima. Nisamehe, mwanangu."

Yvonne alimfunga Terry mgongoni, taratibu, kama mtu asiye na haraka ya kusamehe.

"Nimesikia, mama. Hatutaenda Sigalame. Lakini unga wa mtoto nitasagia kwa Echodu. Yeye anasaga mahindi tu."

Echodu ndiye mshindani wa ng'ambo ya barabara, ambaye Apolot hata salamu yake haitikii.  Apolot akasema mahindi hayo atayabeba yeye mwenyewe, kichwani, mchana kweupe.